Muziki wa Chumba cha Uani

9 Februari

Wifi yangu, Mama Mashine,

Natumaini barua hii inakukuta unaamka na unakula, hata kama ni kidogo. Mimi sijambo ya kusema tu. Mguu unavimba nikisimama sana, na wapangaji wangu wawili wa mbele wamegombana tena kwa ajili ya kamba ya kuanikia nguo. Nimewaachia waumane. Kaka yangu anaendeleaje? Mwambie asifungue kinu cha kusaga asubuhi bila sweta, kile kikohozi nilikisikia siku ya mazishi na sikukipenda.

Nimeona niandike kwa sababu simu imetushinda. Tukipigiana tunalia, halafu kila mmoja anajifanya mtandao umekatika. Kwenye karatasi mtu anaweza kulia na kuendelea.

Wiki hii nimekusanya vitu vya mwanetu Kimya kutoka chumba cha uani. Vyote nimevifunga kwenye boksi moja: mashati sita, koti, vitabu, wembe, na ile blanketi uliyomfumia. Kompyuta haiwaki tena. Yale maboksi yake ya chuma yenye vitufe na taa nimempa rafiki yake mmoja wa kwenye muziki, maana ningeyaweka wapi? Lakini kwenye droo nilikuta memori kadi imeandikwa kwa mkono wake, “kumi na moja, tayari.” Ni muziki wake, wifi. Ndio huo aliokuwa akiutengeneza kutwa nzima na hedifoni masikioni, mimi nikipita najua yupo kwa mlio wa kiti tu. Sijausikiliza. Sijui kama nina moyo huo, na hata ningekuwa nao, muziki wenyewe si wa rika letu. Nimeona ni haki yako wewe mama yake. Hedifoni nazo nimezitia humo.

Daktari alisema moyo, na moyo ndio. Kile kifua chake tangu mtoto unakijua wewe kuliko mimi. Tusijichoshe kuuliza.

Nimepiga chumba rangi upya.

Wifi yako,
Mama Keki


2 Machi

Wifi yangu,

Boksi limefika, kona moja imebonyea lakini hakuna kilichopotea. Asante. Mashati nimeyafua ingawa yalikuwa safi. Kaka yako anakohoa bado, na sweta anasema inamwasha. Kinu kinafanya kazi. Watu wanaleta mahindi yao, wananipa pole, wanauliza kama unga wao uko tayari, na maisha yao yanaendelea. Siwalaumu.

Sasa huu muziki.

Nilisubiri saa kumi, nikafunga mlango wa kinu, nikakaa juu ya gunia, nikaitia kadi kwenye redio ndogo ya betri, nikavaa hedifoni. Nikabonyeza la kwanza. Wifi, niliruka! Nilidhani mkanda wa mashine umechomoka. Nikavua, nikaenda kushika mota: baridi, imezimwa, mkanda uko mahali pake. Nikarudi nikavaa tena. Du-du-du-du, kama mtu anagonga mlango wa jirani na jirani hayupo. Dakika nne hivyo hivyo. Nikasema sasa ataimba. Hakuimba. Nikasema basi labda kadi imekwaruzika safarini, imenasa pale pale. Nikaenda la tatu, nako vile vile, ila juu yake kuna kitu kinalia kama birika linalokaribia kuchemka na halichemki.

Siwezi kuziita nyimbo kwa sababu haziimbwi. Naziita mapande. Yako kumi na moja, mengine dakika kumi na mbili kila moja, na mwanangu ambaye hakumaliza sentensi mbili kwa siku, tukamwita Kimya hata mwalimu wake akasahau jina la kweli, ndiye aliyeacha kelele zote hizi. Nilikasirika. Nilitaka sauti yake, nikapewa karakana.

Kaka yako alishika hedifoni, akasikiliza kwa sikio moja, akasema, “Hii si ngoma, hii ni hitilafu.” Akanirudishia.

Wewe ulikaa naye miaka miwili. Alikuwa anatengeneza nini hasa? Na jambo lingine, wifi: siku ile alikula nini? Asubuhi aliamkaje? Mlikuwa watu wengi kwenye mazishi, sikukuuliza.

Mama Mashine


20 Machi

Wifi yangu mpenzi,

Umenichekesha na mkanda wako, nikajiona vibaya kwa kucheka, halafu nikacheka tena. Huku tuko salama. Mpangaji mmoja kahama na kamba kaondoka nayo. Mpe kaka yangu maji ya moto yenye tangawizi.

Kuhusu muziki, nakuambia alivyoniambia mimi. Siku moja alinivalisha hizo hedifoni nikiwa na mikono imejaa unga, nikamwambia kama wewe: mbona hakifiki popote? Akasema, “Shangazi, usisubiri kiitikio. Hakuna kinachokuja. Sikiliza kinachobadilika.” Nikasema hakibadiliki kitu. Akasema, “Rudia.” Ndivyo alivyokuwa, huna habari? Ukimwambia hujaelewa hakuelezi, anakuambia rudia.

Nami niliwahi kuona unakopigwa. Nilipeleka keki kwenye ukumbi mmoja Jumapili alasiri, nikamkuta Kimya yuko kwenye jukwaa nyuma ya meza, haimbi, hapigi chochote, anazungusha vitufe tu kama anatafuta stesheni. Na mbele yake watu labda mia, kila mtu anacheza peke yake, macho yamefumbwa. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Nilidhani nitaona fujo. Wifi, palikuwa na utulivu kuliko kwenye foleni ya hospitali. Aliponiona alipunga mkono, akafanya kitu na kitufe kimoja, na watu wote wakapiga kelele ya furaha kwa pamoja. Mimi sikusikia tofauti yoyote.

Nina haraka kidogo leo, nitaandika zaidi siku nyingine.

Wifi yako,
Mama Keki


28 Aprili

Wifi,

Samahani kwa kuchelewa. Kaka yako alilazwa siku tano, mapafu, sasa yuko nyumbani anaamuru watu kutoka kitandani, kwa hiyo amepona. Mvua imenyesha hadi nafaka za watu zinakuja na unyevu na jiwe la kusagia linaziba.

Hukunijibu alikula nini. Basi.

Nilifanya ulivyosema, nikarudia. Kila siku nikifunga kinu nakaa na pande moja, hilo hilo, wiki nzima. Pande la pili tu nimeliruka. Na nimeanza kusikia, wifi. Sijui nikuelezeje. Katika pande la nne kuna kitu kama debe linagongwa mbali, linagongwa, linagongwa, halafu unashtuka kwamba limeshaacha kugongwa na hukusikia lilipoacha. Unarudi nyuma kulitafuta na hupati mahali lilipokomea. Limepungua tu mpaka halipo. Yeye mwenyewe alikuwa akiondoka nyumbani hivyo hivyo, haagi, unageuka kiti kitupu. Nililia mpaka nikalowesha hizo za masikioni.

Na pande la tano ni kinu changu! Naapa. Alipokuja mwezi wa nane alikaa kinuni asubuhi nzima ameishika simu juu, nikamwambia aache kuchezea simu anishikie gunia. Kumbe alikuwa anachukua sauti. Mashine yangu inachechemea, unajua: mizunguko mitatu sawasawa, wa nne unaburuta mguu, kwa sababu ya beringi niliyochelewa kubadilisha. Ndiyo hiyo hiyo. Ameipunguza mwendo mpaka imekuwa kama mtu anayepumua amelala. Miaka ishirini na mbili nasikiliza ile mashine nikitafuta ubovu, na mwanangu aliisikiliza akakuta kitu kizuri. Na hakuniambia.

Sasa nakuuliza jambo la kazi. Pande la tisa lina mvumo chini yake, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Watu wengine wangesema ni kinanda. Mimi nasimama kando ya mota ya umeme kila siku ya Mungu, na mvumo huo naujua. Ni waya usioshika vizuri. Unavuma, unakwaruza, unavuma. Mota yangu ilivuma hivyo mara moja, fundi akanikemea kwa nini sikuzima siku ile ile. Na juu ya mvumo kuna matone ya maji, yanaangukia kitu kigumu, kama sakafu.

Wifi, kile chumba kilikuwa kinavuja?

Mama Mashine


15 Mei

Wifi yangu,

Pole na kumuuguza kaka. Nashukuru amepona, nilikuwa nimeshaanza kufunga begi, nikasikia ametoka hospitali.

Nyumba yangu ni ya zamani, unaijua. Bati lolote la umri ule linatoa tone hapa na pale msimu wa mvua. Si jambo la kusema chumba kinavuja. Na kumbuka, wifi, muziki ule unatengenezwa. Kila kitu mle ni cha kutengeneza. Alikuwa anaweza kutoa mlio wa ndege kwenye mashine na hakuna ndege. Usichukue sauti ya kompyuta ukaifanya ushahidi wa jambo.

Nina wasiwasi na wewe. Mtu anayekaa juu ya gunia kila jioni na sauti za marehemu masikioni anajiumiza. Kwa nini usipumzike? Na yule rafiki yake wa muziki amekuja, anaomba ile kadi, anataka wauhifadhi muziki pamoja na vijana wenzake. Nimefikiri ni vizuri. Nirudishie kwa posta, nitampa.

Mimi nimeacha kuoka. Oveni nimeiuza. Mikono haina nguvu tena. Sasa nauza vitambaa kwenye duka la jirani, kazi ya kukaa.

Mlale salama.

Mama Keki


30 Mei

Wifi,

Salamu. Kaka yako ni mzima.

Kadi sirudishi.

Nakuandikia kilichomo kwenye pande la tisa, kwa sababu naona hukuwahi kukisikiliza, ungekisikiliza usingekituma. Dakika ya sita ngoma inanyamaza. Unabaki mvumo na matone. Halafu kuna watu wawili wanaongea, mbali na kipaza sauti, na yeye ameuacha mvumo juu yao kwa hiyo mtu mgeni hawezi kuwasikia. Mimi niliwasikia mara ya thelathini hivi. Nimeandika neno kwa neno.

Yeye anasema, “Shangazi, ile soketi imenipiga tena.”

Wewe unasema, “Imekupigaje?”

“Nikigusa hili boksi la chuma, mkono wote unakufa ganzi. Na sakafu imelowa kuanzia kitandani.”

“Basi usiliguse.”

“Fundi alisema tuzime swichi kuu mpaka aje.”

“Nikizima ile, na oveni imezimika. Nina keki tatu za harusi, mwanangu, nitawaambia nini wale watu? Subiri mpaka Jumamosi.”

Yeye anacheka. Anasema, “Sawa, nitavaa ndala.”

Halafu mlango. Halafu ngoma inarudi.

Ile kadi inaonyesha tarehe. Pande la tisa alilimaliza Jumatano. Alhamisi ndiyo ulinipigia simu kwamba moyo wake umesimama.

Wifi, tulimzika Jumamosi.

Kaka yako sijamwambia. Nasubiri barua yako kwanza.

Mama wa Kimya


7 Septemba

Wifi,

Barua hii nimeianza mara saba. Najua umesubiri miezi mitatu, na najua kila siku niliyonyamaza ulikuwa unaiongeza kwenye jambo lenyewe, na ni haki yako. Sitauliza habari za huko. Sina uso wa kuuliza.

Wiki mbili kabla ya siku ile nilimwita fundi kwa sababu taa za uani zilikuwa zinafifia nikiwasha oveni. Alifungua ukutani, akaguna. Akasema waya wa chumba cha uani umeungwa kwenye waya wa oveni, umeungua ganda, maji ya dari yanapita humo humo, na waya wa ardhini haupo kabisa. Kazi hiyo ya kuunga niliifanyisha mimi, miaka mitano iliyopita, kwa mtu wa kupita. Fundi akasema zima swichi kuu, nina kazi mahali, nitarudi. Nikamwambia sawa. Alipotoka tu nikaiwasha, kwa sababu nilikuwa na mikate ndani.

Kimya aliniambia habari ya soketi mara tatu. Uliyoisikia ni ya tatu. Hata sikumbuki kama niliyasema yale, wifi. Hilo ndilo linalonitesa. Uliponiandikia maneno yangu niliyasoma kama ya mtu mwingine, halafu nikasikia namna ninavyolitamka lile neno “mwanangu,” nikajua ni mimi.

Uliniuliza alikula nini. Alikula mkate wa siagi, vipande viwili, na chai, saa nne asubuhi, amesimama mlangoni pa jikoni kwa sababu sakafu nilikuwa nimeipiga deki. Ndala alizivua hapo nje. Nilikuwa na desturi ya kumgombeza asiniletee tope karibu na unga. Akamaliza chai, akapita uani peku kurudi chumbani. Akasema, “Leo nakusikilizisha kitu, shangazi, umo na wewe.” Nikamwambia baadaye, nina mayai mkononi.

Kama saa tano unusu nikakata kingo za keki ya pili, na kingo ni zake, kila mara alikuwa anakuja kuzichukua mwenyewe akisikia harufu. Hakuja. Nikaita. Nikaenda na sahani. Alikuwa sakafuni upande upande, hedifoni bado ziko kichwani, mkono uko juu ya lile boksi. Taa za boksi zilikuwa zinawaka na kuzima, zinawaka na kuzima, sawasawa, kama hakuna kilichotokea. Nilikimbia kwenye swichi kuu nikaipiga kwa mpini wa fagio. Ndipo niliporudi nikamshika. Alikuwa amelowa mgongo mzima.

Daktari aliniuliza kama ana ugonjwa wowote. Nikasema kifua, tangu utotoni. Aliniangalia. Kwenye vidole kulikuwa na alama, mimi niliiona na yeye aliiona. Sijui kwa nini hakuuliza zaidi. Labda alimwona mwanamke mzima amejaa unga hadi kwenye nyusi, akaona yaishe. Akaandika moyo. Na mimi nikaushika huo moyo kwa mikono miwili, nikakupigia simu nao.

Fundi alikuja jioni ile ile. Kazi yote, wifi, ilimchukua nusu saa.

Zile keki mbili zilizokuwa tayari wenye harusi walikuja kuzichukua Jumamosi, jirani akawapa. Ya tatu niliitupa.

Nilipokuandikia “tusijichoshe kuuliza” nilikuwa najua. Nilipoandika bati linatoa tone nilikuwa najua. Hakuna rafiki aliyeomba kadi. Na maboksi sikumpa mtu, niliyazika nyuma ya choo, nikapanda ua juu yake ili nisahau mahali, na naona mahali kila ninapopita.

Sikukudanganya wewe peke yako. Kaka yangu ni mtu niliyembeba mgongoni nikiwa na miaka tisa. Hana dada mwingine. Niliogopa macho yake, hilo tu, hakuna sababu nyingine nzuri ya kukupa. Naomba uniruhusu nije nimwambie mwenyewe, nikiwa nimepiga magoti mbele yake. Ukisema leo, napanda basi kesho.

Mimi


2 Oktoba

Wifi,

Barua yako ilifika Jumatatu. Nilikuwa na foleni ya watu, nikaitia kwenye mfuko wa aproni na kuendelea kusaga hadi mtu wa mwisho, kwa sababu nilijua nikiisoma kwanza nitamkata mtu kidole. Kisha nikaisoma. Kisha nikakaa.

Kuna jambo na mimi nilikuwa naliruka, utalisikia kabla hujasikia la kaka yako.

Mwezi wa kumi na mbili alinipigia simu. Mashine ilikuwa inazunguka, watu wanapiga kelele, gunia limepasuka, nimeshika simu kwa bega. Akasema, “Mama, naweza kuja kukaa nyumbani kidogo? Huku chumbani kuna maji.” Nikamjibu kwa sauti ya kuishinda mashine: “Ukija uje na kazi ya maana! Hapa kelele zinatosha!” Akasema sawa mama. Nikakata.

Pande la pili ni hiyo simu. Alikuwa anairekodi. Amechukua maneno yangu mawili tu, “kelele zinatosha,” akayakata, akayapanga juu ya ngoma, yanarudi na kurudi, zinatosha, zinatosha, mpaka yanapoteza maana na kuwa kama ndege anayelia. Mara ya kwanza kulisikiliza, mwezi wa tatu, sikujitambua. Nilidhani ni mwanamke fulani wa huko mjini. Nikawaza, huyu mwanamke ana sauti kali. Nilisikiliza karibu lote nikimchukia, ndipo nikasikia mashine nyuma yake, inachechemea.

Na kitu kinachoniua ni kwamba pande lenyewe halina hasira. Nimeitafuta hasira ndani yake sijaipata. Ni la kuchezeka. Najua watu mle ukumbini walilichezea wamefumba macho.

Kwa hiyo usinione nimekaa huku juu nakuhukumu. Ila pia sitaki ujifariji kwamba tumelingana. Mimi nilimfungia mlango, sikujua ni mlango wa nini. Wewe waya uliujua.

Sasa kaka yako. Uliomba umwambie mwenyewe, sikukusubiri. Nilimsomea barua yako yote Jumatano baada ya chakula cha mchana, kwa sababu kuificha ingekuwa kuanza nyumba nyingine ya uongo, na sina nguvu ya kuijenga. Nilipomaliza aliuliza, “Ziko wapi zile za masikioni?”

Ameyasikiliza yote kumi na moja kwa siku nne. Mtu yule aliyesema ni hitilafu. Anakaa kinuni nikishafunga, amezishika hedifoni kwa mikono miwili kama mtu anayeumwa masikio, na mimi nafagia pumba kumzunguka. Mengine aliyarudia. La tano aliniita, akainyooshea kidole mashine, nikaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo. La pili aliniuliza, “Huyu ni wewe?” Nikasema ni mimi. Akabonyeza la tatu.

La tisa alilisikiliza mara moja. Alipovua, akasema, “Anacheka.”

Nikasema ndiyo, anacheka.

“Anamwambia shangazi yake umeme umempiga, anaambiwa asubiri, na yeye anacheka.”

Akakohoa, akasubiri kikohozi kipite. Akasema, “Mwandikie dada yangu asije. Hapa asije, na nikifa asije. Mwandikie hivyo hivyo, usipunguze.”

Nimekuandikia hivyo hivyo, sijapunguza.

Hilo ni lake yeye. Sitalipinga ndani ya nyumba yake, na sitakuambia kwamba litapita, maana simjui akiwa hivi. Jana alitoka kununua betri bila kuambiwa na mtu. Leo asubuhi amefungua kinu yeye mwenyewe.

Unasema nikikubali leo utapanda basi kesho. Wifi, usinisukume. Kaka yako amesema usije. Mimi bado sijasema.

Mke wa kaka yako